Mashine ya mnunuzi na masomo ya mtoto

Hapa Lushebere wachimbaji wote wanajua ile saa. Mnunuzi anaelekeza mashine yake ndogo kwenye koltani, inasoma asilimia ya tantali, anatangaza bei. Baba aliyechimba juma zima hana la kujibu: nambari imesema. Na ni feza ileile inayolipa minervale ya mtoto huko Goma, anasoma umeme ao informatika. Basi akirudi likizo tumuulize: ile mashine inapima namna gani?

Wengi watanyamaza. Si wajinga. Walifundishwa kwa chaki na silabusi, chombo chenyewe hawajakigusa.

Jibu si gumu. Mashine inatuma miale ya X kwenye mchanga, na kila madini inarudisha miale ya kwake, mashine inaihesabu. Mchanga ukiwa na maji, nambari inashuka. Usiposagwa na kuchanganywa vizuri, kila upande wa mfuko unatoa nambari yake. Na mashine isipojaribiwa kwanza kwa mchanga ambao kiwango chake kinajulikana, inaweza kukosea tangu asubuhi. Kijana anayejua hayo analinda nyumba nzima, hata kabla ya kupata kazi.

Kazi nayo iko. Kule Bisie, Walikale, kampuni Alphamin inachimba bati chini ya ardhi kwa mashine: panatakiwa watu wa umeme, wa pompi, wa maabara, wa kupima mashimo. Lakini anayeajiri anauliza umefanya nini kwa mikono yako, na hapo ndipo staji inaonekana. Zamani ilikuwa graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Katika LMD licence yenyewe ni miaka 3, inapita mbio. Anayengoja mwaka wa mwisho kutafuta staji amechelewa, na yule anayenakili ripoti ya mwenzake (tunawajua!) amekula ng'ombe wa baba yake bure.

Kwa hiyo, wazazi, mbele ya kulipa tuulize shuleni: maabara iko? Wanafunzi wanashika vyombo wenyewe ao wanatazama tu? Staji inafanyika wapi, na nani anaifuata?

Na likizo hii, mtoto aende na baba kwa mnunuzi. Wakaushe mchanga, wausage, wauchanganye, waugawe sehemu mbili, wapimishe mara mbili.