UZI: "Kampuni za bima ni wezi"

Hapa Naitiri mkutano wa hadhara hauishi kabla mtu achukue maiki aseme kampuni za bima ni wezi. Makofi. Anafuata mwingine, anaahidi boda boda wote bima ya bure. Makofi tena. Wadau, wote wawili wameruka swali moja: mtu akigongwa, pesa inamfikiaje?

Tuseme mama amegongwa na pikipiki kwa hii barabara ya Misikhu–Naitiri–Brigadier, mguu umevunjika. Hajawahi kununua bima maishani. Anaweza kulipwa? Ndiyo. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inalazimisha kila chombo cha barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu, na huyo mama ndiye mtu wa tatu. (Dereva mwenyewe akiumia, hiyo bima haimhusu. Wengi wa stage hawajui hili.)

Safari inaanzia polisi: abstrakti yenye namba ya pikipiki na jina la kampuni ya bima, halafu fomu ya P3 na karatasi za hospitali. Ndio dai liende kwa kampuni.

Huko kuna afisa wa madai. Watu hudhani kazi yake ni kuandika cheki. Kwanza anauliza. Bima ilikuwa hai siku hiyo? Dereva ana leseni? Pikipiki imekatiwa bima ya matumizi binafsi na kumbe inabeba abiria wa kulipa? Hapo kwa mwisho ndipo madai mengi ya boda hukwama, kwa sababu bima ya binafsi ni rahisi na watu huinunua wakijua. Anaweza pia kutuma mpelelezi hadi pale ajali ilitokea.

Akiridhika anakupa ofa, pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba umemaliza na hutadai tena. Isome polepole. Mguu ukihitaji upasuaji mwingine mwaka ujao, hiyo sahihi ishakufunga. Na kumbuka mshahara wake unatoka kwa kampuni. Hata awe mpole namna gani, hakai upande wako.

Mkikosa kuelewana ni kortini. Kesi ya jeraha la ajali ifunguliwe ndani ya miaka 3, na kampuni ipewe notisi ya kesi mapema. Notisi ikisahaulika, unaweza kushinda kesi na kampuni isilazimike kulipa. Hata ikilipa, kikomo ni shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Ikizidi hapo, mfuate mwenye pikipiki. Kama anacho.

Sasa siasa iko wapi? Serikali inatulazimisha kununua bima, kwa hivyo lazima pia ichunge anayeuza. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield 2011. Zote zilikuwa na matatu wengi, na waliokuwa na hukumu mkononi wakaambiwa wangoje. Kuna mfuko wa kufidia wenye bima kampuni ikianguka, lakini nao una kikomo chake.

Kwa hivyo huyo wa bima ya bure akirudi sokoni, muulizeni: abiria yuko ndani ama hayuko? Na kampuni ni gani, inalipa madai ikichukua muda gani?