Je, Wajua? Ubongo Hushtuka Kabla Yako

Je, wajua kwamba ubongo wako hutambua mlio wa ajabu kabla wewe mwenyewe hujautilia maanani? Mtu huvishwa kofia ya nyaya za EEG, kipimo cha mawimbi ya ubongo, kisha husikilizishwa mlio uleule: ti, ti, ti, ti, halafu ghafla, tuu! Hata kama macho yake yako kwenye filamu, mawimbi ya ubongo hushtuka ndani ya robo sekunde. Risto Näätänen wa Finland na wenzake waliueleza mshtuko huo mwaka 1978. Siku hizi watafiti wanaufuatilia kwa vijana walio katika hatari ya saikosisi, maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini kwamba anawindwa. Kwa wale ambao baadaye waliugua, tafiti kadhaa zimeukuta mshtuko huo hafifu.

Picha za MRI za watu zaidi ya 3,000, zilizolinganishwa mwaka 2021, zilionyesha pia kwamba gamba la ubongo la walio hatarini ni jembamba kidogo. Lakini huo ni wastani wa kundi. Hakuna daktari awezaye kutazama picha ya mwanao akatabiri. Wengi wa vijana hao hawaugui saikosisi kabisa.

Kenya imo katika safari hii ya utafiti: mwaka huohuo wa 2021 watafiti Daniel Mamah, Victoria Mutiso na David Ndetei walichapisha majibu ya vijana Wakenya 9,564 kuhusu dalili za namna hiyo.

Kuyafasiri majibu hayo kunahitaji mtu anayeijua jamii husika. Kwa mfano, waumini wa kanisa la Legio Maria wanaohiji Got Kwer, Migori, huthamini ndoto na maono. Mwenye maono anayelima, anayekula na kucheka na wenzake si lazima awe mgonjwa. Kijana aliyejitenga, halali, ameacha masomo na anaziogopa sauti, huyo ni wa kupelekwa hospitali, hata majirani wakisema ni juogi, yaani mapepo kwa Kijaluo. Akiwa na homa, apimwe malaria upesi, kwa kuwa malaria ya ubongo nayo humfanya mtu aweweseke. Ndiyo maana chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019 ina uzito kwa akili pia.

Usisubiri mashine ya kutabiri. Saikosisi ikikaa muda mrefu bila tiba, kupona huwa kugumu zaidi.