KIA au Nairobi? Mkulima wa Arusha ahesabu saa, si kilomita

MKULIMA wa maua au maharage machanga wa Arusha anayeuza Ulaya ana milango miwili ya kutolea mzigo wake: uwanja wa Kilimanjaro (KIA) na ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi.

Angani tofauti ni ndogo. Kutoka KIA hadi Schiphol, Amsterdam, ni kama kilomita 6,900 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Nairobi ni kama 6,660. Kwa ndege kubwa inayokwenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa, pengo hilo ni dakika 15 au 20 tu katika safari ya saa nane na ushei. Vita vya Sudan vilipofunga anga la nchi hiyo Aprili 2023, ndege zililazimika kuzunguka, na kuzunguka huko kulikula muda zaidi ya tofauti yote ya KIA na Nairobi.

Barabarani ndiko kwenye kazi. KIA ni kilomita 50 hivi kutoka Arusha mjini, lakini kwenda Nairobi kupitia Namanga ni zaidi ya 250, pamoja na karatasi za mpakani, hata baada ya kituo cha pamoja kuzinduliwa mwaka 2018. Waridi linataka nyuzijoto 2 hadi 4. Jokofu la lori likizimika njiani, ua huanza kuzeeka kabla halijaona ndege.

Hata hivyo, kwa miaka mingi malori yamekuwa yakivuka Namanga. Sababu ni kwamba Nairobi kuna ndege nyingi za mizigo mitupu, wakati mzigo wa KIA mara nyingi huwekwa tumboni mwa ndege ya abiria, ukigombea nafasi na masanduku ya watalii. Ndege za mizigo haziji kwa sababu mzigo umekwenda Nairobi, na mzigo unakwenda Nairobi kwa sababu ndege haziji. Inasikitisha, maana KIA ina bahati ya asili: iko mita 894 juu ya usawa wa bahari, Nairobi mita 1,624. Hewa nyepesi ya juu hupunguza uzito ambao ndege inaweza kuruka nao.

Kuna jambo la saa pia. Ndege ikiondoka Nairobi saa 6 usiku na kuruka saa nane, Afrika Mashariki itakuwa saa 2 asubuhi, lakini Amsterdam majira ya baridi ni saa 12 alfajiri. Kiangazi tofauti hubaki saa moja. Mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer, jirani na Schiphol, huanza kazi mapema, hivyo mzigo uliochelewa hungoja siku nyingine.

Kisha nauli. Ndege haipimi kilo za mizani peke yake. Zidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, ugawe kwa 6,000. Boksi la 100 kwa 40 kwa 30 ni kilo 20, hata kama maua ndani yake ni kilo 14, na utalipia 20. Kabla ya kukubali bei ya wakala, muulize anahesabu kilo zipi, na mzigo utakaa wapi ndege ikijaa.