Kijana hasemi, dosye yake iseme

Siku moja magharibi, kijana wa miaka 16 alitoka kwao Mudzipela bila viatu, akafuata mlio wa mashini ya kusaga. Anapenda ule mlio, anaweza kukaa karibu yake saa tatu. Kwenye njia panda askari walimwambia: simama. Hakusimama. Wakarudilia kwa sauti kubwa. Yeye akaendelea, anachezesha vidole mbele ya macho. Askari mmoja alikwisha kuinua bunduki wakati mama mmoja anayeuza mandazi pale alipopiga kelele: «Achani! Huyo mutoto hasikiaka maneno kama sisi!»

Ndiyo ilimponya. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na kila mzazi wa Bunia anajua kijana mrefu asiyejibu usiku anachukuliwa namna gani.

Baba yake ni fundi wa mashini katika kampuni ya dhahabu, na ni mwanachama wetu. Kesho yake alikuja kwangu sendikani. Nilifikiri analeta shida ya mshahara. Akasema: «Shefu, nitafutie karatasi ya kumuweka kwa shingo.» Tulianza kutafuta, tukakuta karatasi moja inadai ingine, na ile ingine inadai ya tatu. Ninaandika njia tuliyopita sababu najua nyumba nyingi za wachimbaji ziko na mtoto kama huyo, na wengine wanamfungia ndani wageni wakifika.

Kwanza jina. Daktari anaandika autisme. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema usonji. Si wazimu, si uchawi, haiambukizi. Ubongo unakomaa kwa njia yake tangu utotoni, na hakuna dawa ya kuuondoa. Familia hii iliuza mbuzi watatu kwa mganga mbele ya kulijua neno hilo. Mbuzi hawatarudi.

Kijana hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa kijijini, upande wa Djugu, na sheria ya familia iliyorekebishwa 2016 inampa mzazi siku 90 tu za kuandikisha mtoto. Zikipita, unaenda tribunali, unapewa hukumu inayoitwa jugement supplétif, na kwa hiyo hukumu ofisa wa komini anaandika cheti. Inaomba gharama na mashahidi. Usiye na uwezo, pita kwanza Affaires sociales uombe attestation d'indigence, karatasi inayosema kama huna mali, uionyeshe kule tribunali. Na usimpe mtu wa mlangoni hata franka moja bila risiti. Sisi tulimpa wa kwanza, akapotea.

Karatasi ya pili ni ya daktari, na ndipo tulikosea sana. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kushughulikia matibabu ya mfanyakazi, bibi yake na watoto wake. Basi baba aliomba bon ya matibabu kama vile kwa malaria. Mtu wa bon akauliza: «Mtoto anaumwa nini? Ninamuona anatembea.» Ilibidi niende naye mara ya pili nikiwa na kitabu cha sheria mkononi.

Mbele ya daktari, mama aliulizwa: kijana anafanya nini peke yake? Akajibu: «Iko muzuri tu, anakula, analala.» Alisema hivyo juu ya haya, na juu ya upendo pia. Mama gani anapenda kuhesabu mapungufu ya mtoto wake mbele ya mgeni? Daktari akaandika mistari miwili isiyosaidia kitu.

Tulirudi nyumbani, tukakaa chini ya mwembe na daftari la shule. Nikasema: Mama, usinieleze siku nzuri, nieleze siku mbaya. Akanyamaza kidogo, kisha maneno yakatoka. Kumuosha, ni baba. Kumnyoa ni vita. Hajawahi kununua hata chumvi, sababu hajui feza. Pikipiki ikipita anaziba masikio na kujipiga kichwa. Akiumwa jino hasemi, anauma mkono wake mpaka damu. Anakula fufu na sombe tu, ukichanganya samaki anamwaga yote. Usiku mmoja wa nyumba lazima alale karibu na mlango. Dada yake mkubwa aliacha masomo juu ya hiyo zamu. Baba mwenyewe hakuwa anajua mambo yote haya, sababu yeye wiki nyingi iko kwenye mgodi.

Tulijaza kurasa nne, na mara ya pili daktari alizisoma zote. Cheti alichoandika kinasema wazi kijana hawezi kujitunza, hajibu akiitwa, na anahitaji mtu wa kumlinda mchana na usiku. Ndugu, andikeni daftari mbele ya kwenda. Daktari anakaa na mtoto dakika chache, ninyi mumekaa naye miaka 16.

Ya tatu ni CNSS. Angalia fishi yako ya malipo: unakatwa asilimia 5, na mwajiri anapashwa kutoa 13 juu yake. Katika hizo 13, 6.5 ni za malipo ya familia. Sheria ni ile ya tarehe 15 Julai 2016. Jina la kijana halikuwa kwenye orodha ya watoto wa baba, sababu hakuwa na cheti. Sasa tumeomba aandikwe. Tumeuliza pia kwa barua: akitimiza 18, na hawezi kufanya kazi, jina lake linabaki namna gani? Tumeomba jibu la maandishi, lenye sahihi na muhuri.

Na wewe unayechimba na karte ya mwaka mmoja? Sitakudanganya. Karte hiyo inakupa ruhusa ya kuchimba, mtoto wako haimo ndani. Katiba, kwa kifungu cha 49, inamwahidi mwenye ulemavu ulinzi, na tuko na sheria yao ya tarehe 3 Mei 2022. Lakini dirisha la kuchukulia feza kila mwezi, kama Kenya ambako nyumba yenye mlemavu mzito iliyoandikishwa inalipwa shilingi 2,000, sisi hatuna. Code minier ya 2018 inawadai muwe katika koperative. Mimi nasema koperative inayopima dhahabu kila siku inaweza kuweka kando gramu chache juu ya watoto hawa. Nilisema hivyo kwenye mkutano mmoja, wakacheka. Nitasema tena.

Cheti cha kuzaliwa na cha daktari viko tayari, CNSS haijajibu. Mama alifanya fotokopi ndogo, akaifunga kwa plastiki, akaiweka kwa kamba shingoni mwa kijana. Akaikata. Ya pili akaikata pia, hapendi kitu kimguse shingo. Ya tatu mama ameishonea ndani ya mfuko wa shati la bluu, lile asilokubali kuvua, na amepita kwa askari wa njia panda, mmoja mmoja, kuwaonyesha mfuko uko upande gani.