Silaha Ikifika Maskati, Sheria Ni ya Maskati

Januari 1898, meli ya biashara ya Kiingereza iliyoitwa Baluchistan ilikuwa kwenye maji ya Maskati, ikiwa imebeba masanduku ya bunduki na risasi ya kampuni ya Fracis, Times. Manowari Lapwing, nayo ya Kiingereza, iliisimamisha meli hiyo na kuzichukua silaha zote. Wenye mali wakaja juu. Walimshtaki kamanda wa manowari, Carr, huko London, wakidai kwamba askari hana haki ya kupora mali ya raia mwenzake.

Shauri lilipanda ngazi hadi Baraza la Juu la Bunge la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa. Wafanyabiashara wakashindwa. Sultani Faisal bin Turki alikuwa ametoa tangazo la kuziruhusu manowari za Kiingereza kukamata, ndani ya maji yake, silaha zilizokuwa zikipelekwa Uajemi na India. Jambo lililokuwa halali Maskati halikuweza kudaiwa fidia London. Uingereza bunduki zile hazikuwa na tatizo lolote. Kilichozitia hatiani ni mahali zilipokutwa.

Hukumu hiyo haijapitwa na wakati, hasa kwa familia zenye mguu mmoja Unguja na mwingine Maskati.

Silaha zilijaa Maskati kwa sababu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1888, mwakilishi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipobana uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika, soko la Unguja lilibanwa pia. Maskati ilikuwa nje ya eneo hilo, na biashara ikahamia huko. Bunduki za Martini zilishushwa kutoka kwenye meli za Ulaya, zikapakiwa majahazini na kuvushwa hadi pwani ya Makran, na kutoka hapo zikapanda ngamia kuelekea Afghanistan.

Sultani hakuweza kuifunga biashara hiyo kwa neno moja. Mkataba wa 1844 uliwapa Wafaransa haki ya kufanya biashara bila kuzuiwa, na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Goguyer akajipatia soko kubwa. Baadhi ya majahazi ya bandari ya Sur, Oman, yalipeperusha bendera ya Ufaransa, na suala la bendera hizo lilifikishwa The Hague, ambako uamuzi wa 1905 uliweka mipaka ya nani anastahili kuipeperusha.

Tangu Septemba 1912 njia ikawa moja tu. Kwa amri ya Sultani Faisal, silaha zote zilizoingia zilipaswa kuwekwa katika ghala maalumu, na hakuna iliyotoka bila kibali. Kwa hasara ya ushuru, Waingereza walimlipa Sultani rupia 100,000 kwa mwaka. Huko ndani ya Oman, makabila yaliyotegemea bunduki yaliona yamefungiwa mlango. Mwaka 1913 yalimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu, na Januari 1915 yakashambulia Bait al-Falaj, jirani na Maskati. Askari wa Jeshi la India waliyarudisha nyuma. Ghala halikuwa sababu pekee ya vita hivyo, lakini ni kosa kuliacha nje ya hesabu. Serikali ikiamua kudhibiti silaha bila kusikiliza wanaozitegemea, hasira haichelewi kupata kiongozi.

Bait al-Falaj leo ni Makumbusho ya Majeshi ya Sultani, yaliyofunguliwa 1988. Bunduki za zamani bado ni sehemu ya heshima ya mwanamume wa Kiomani: huonekana kwenye ngoma ya razha, na huuzwa katika soko la Nizwa. Lakini kuzienzi ni jambo moja, na kuzimiliki ni jingine. Sheria ya Silaha na Risasi, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 36/90, inadai leseni, na Polisi ya Kifalme ya Oman ndiyo yenye mamlaka ya kuitoa. Tanzania nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya Dar es Salaam haimhusu afisa wa Maskati, wala ya Maskati haimfungulii mtu mlango wa Dar es Salaam.

Ndege nazo zina masharti yao. Silaha haiingii kwenye begi la mkononi. Husafiri katika mizigo iliyokabidhiwa, ikiwa haina risasi ndani, na kwa idhini ya shirika. Kanuni za kimataifa zinamruhusu abiria risasi za michezo zisizozidi kilo 5, zikiwa zimefungwa imara, na abiria wawili hawawezi kuunganisha mizigo yao kuwa sanduku moja la kilo 10. Na kama safari inapita Dubai au Doha, nchi ya kubadilishia ndege nayo ina sheria yake.

Basi uliyerithi Martini ya babu na unatamani kumpelekea binamu ng'ambo, usiifungashe bado. Anzia polisi wa nchi ulipo, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda, kisha shirika la ndege, na kila kibali kiwe cha maandishi. Ikiwa upande mmoja utakataa, iache hapo ilipo, chini ya leseni yake.