Lori Kuukuu Lisilowaka

Injini ya lori kuukuu ikizungushwa kwa stata, ikazunguka kwa nguvu wala isiwake, betri haina kosa. Dereva asizidi kuizungusha, maana ataimaliza bure.

Injini ya petroli haiwaki ila ipate petroli, hewa, na cheche kwa wakati wake. Fundi hodari hutafuta cheche kwanza. Hufungua plagi moja, huirudisha katika waya wake, na kuilaza juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake, kwa kuwa mvuke wa petroli hutoka humo nao waweza kuwaka na kumwunguza uso. Mwenzake huzungusha injini. Cheche isiporuka, mara nyingi kosa li ndani ya distributa, katika vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyokutana na kuachana. Huungua, vikashika uchafu. Husuguliwa kwa msasa mwembamba, na nafasi iliyo kati yao hupimwa.

Cheche ikiwapo na plagi ni kavu, petroli haifiki. Wengi hapo hukimbilia kabureta na kuifungua yote, kumbe tangi ni tupu! Mshale wa kipimo katika magari ya zamani hausadikiki sana, afadhali kijiti.