Laki tano za ulinzi: Nkuhungu tuanzie wapi?

Jirani akiibiwa, ushauri wa kwanza anaopewa hapa Nkuhungu, Dodoma, ni "piga ukuta". Wa pili ni "funga kamera". Wanaoshauri hivyo wanamtakia mema, lakini wengi wetu ni wapangaji, au tumehamia kwenye nyumba ambayo haijaisha, na mfukoni hatuna hela ya ukuta wala ya kamera. Kwa hiyo mwizi akishaondoka tunanunua kufuli la bei rahisi, tunamwachia Mungu, na baada ya miezi mitatu tunaibiwa tena. Tuchukue kiasi ambacho familia inaweza kukikusanya kwa muda, shilingi 500,000, tuone kinanunua nini.

Kwanza huo ukuta. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kina mzunguko wa mita 90. Ukikipigia ukuta wa mita 2 kwenda juu, ni mita za mraba 180. Tofali la bloku la inchi 9 kwa 18 huingia kama 10 kwenye mita moja ya mraba, kwa hiyo unahitaji matofali 1,800. Hata ukiyapata kwa shilingi 1,300 kila moja, tayari ni 2,340,000. Bado saruji, mchanga, nondo za nguzo, geti na fundi. Na ukuta una kasoro ambayo watu hawaisemi: mwizi akisharuka ndani, huo ukuta unamficha yeye. Anachokonoa mlango wako kwa utulivu, na jirani aliyetoka nje kujisaidia hamwoni. Ukuta usio na taa na usio na mlango imara nyuma yake ni hela iliyozikwa.

Wazee wa Kigogo waliijenga tembe wakijua jambo hili. Nyumba ya udongo yenye paa bapa ilizunguka ua, ng'ombe wakalala katikati, na milango ikaelekea ndani. Aliyetaka mifugo ilimbidi apite katikati ya watu waliolala. Ulinzi wao ulikuwa kuhakikisha kwamba mwizi hafiki kwenye mali bila kuonekana au kusikika. Nyumba zetu za sasa zimegeuza mpango huo: mlango wa mbele una nakshi, wa jikoni ni wa mbao nyepesi na unatazama pagale la jirani, na mtungi wa gesi umekaa nje.

Kwa hiyo shilingi za kwanza ningezipeleka kwenye taa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa saa 12 kila usiku hutumia uniti 3.24 kwa siku 30. Kwa mteja wa kawaida anayepata kama uniti 2.8 kwa shilingi 1,000, hiyo ni takriban shilingi 1,150 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo analipa chini ya 500, mradi matumizi yake yote yasivuke wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 100 ingekula uniti 36, karibu shilingi 12,900. Nimeona watu wakizima taa ya nje kwa kuogopa luku hali balbu yao ni ya LED, na inanisikitisha, kwa sababu hakuna ulinzi mwingine wa bei hiyo. Weka mbili: moja mlango wa nyuma, moja upande wenye madirisha ya vyumba vya kulala. Zifungwe juu, mkono usifike, maana balbu ya kufikiwa hufunguliwa kwanza. Pamoja na waya, holda na fundi, tenga 30,000. Taa za sola zenye kihisi zinafaa pale umeme haujafika au unapokatika, ila paneli zake uzifute, vumbi la Dodoma huzilaza mapema.

Mlango ndio nitakaoukalia zaidi, kwa sababu ndiko pesa nyingi hupotea bila faida. Watu hununua kitasa kizuri wakakifunga kwenye fremu ya mbao laini kwa skrubu fupi. Mwizi hahangaiki na kitasa. Anausukuma mlango kwa bega, fremu inapasuka. Kabla ya kununua kitasa kipya, fungua kile kipande cha chuma kilichopo kwenye fremu uone skrubu zake. Kama ni fupi kama ncha ya kidole, badilisha uweke ndefu zinazoingia hadi kwenye tofali. Hizo ni shilingi elfu chache. Kisha ongeza komeo juu na chini kwa ndani. Na kama umehamia kwenye nyumba ya kupanga, badilisha kitasa, au silinda yake kama ni cha silinda, siku ile ile. Hujui mpangaji aliyetoka alichonga funguo ngapi, na vitasa vya bei rahisi kabisa hufunguana: ufunguo wa nyumba hii unaingia ya pili. Kazi yote hii kwa mlango wa mbele, tenga 70,000.

Mlango wa nyuma ningeuwekea grili. Kwa mafundi wa kuchomelea, mlango mmoja wa grili unaweza kuanzia laki mbili na nusu hadi laki nne kutegemea unene wa chuma. Usichague maua, chagua unene, na bawaba zichomelewe ndani, mwizi asizifikie. Nimeweka 280,000, kiasi kikubwa kuliko vyote kwenye hesabu yangu, na sioni aibu. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kwanza: grili inabaki kwake ukihama, basi ikatwe kwenye kodi ya miezi sita ijayo, na makubaliano yaandikwe. Kufuli zake mbili, nzito, zile ambazo kitanzi chake hakitoki nje sana kiasi cha kuingiza mtaimbo, zitachukua 50,000. Kufuli la 5,000 hufunga macho ya mwenye nyumba tu.

Dirisha lina mwizi wake. Huyu haingii ndani. Anachana wavu wa mbu kwa wembe, anapitisha fimbo ndefu yenye ndoano kati ya nondo, anavuta suruali yenye simu na pochi. Mwezi wa Oktoba na Novemba joto likizidi na madirisha yakiachwa wazi, ndiyo majira yake. Dawa ni mbili. Ya bure: usilaze simu, laptop wala funguo mahali fimbo inapofika. Ya 40,000: wavu wa chuma wa matundu madogo nyuma ya nondo kwenye dirisha la chumba cha kulala. Lakini nakusihi, angalau dirisha moja lenye grili liwe linafunguka kwa ndani, ufunguo wake utundikwe mahali kila mtu anapajua. Moto ukianza jikoni usiku, nondo zilizochomelewa moja kwa moja huwafungia ndani wenye nyumba.

Hadi hapa tumetumia 470,000. Zimebaki 30,000, na hizo ningezipeleka nje ya nyumba yangu kabisa.

Mlinzi wa kampuni kwa nyumba moja ni malipo ya kila mwezi yanayoweza kulingana na mshahara mzima wa mtu. Sasa tuseme nyumba 60 za mtaa mmoja zichange 5,000 kila moja: ni 300,000 kwa mwezi, na walinzi wawili wanapita kwa filimbi na tochi. Changizo lako la miezi sita ni hizo 30,000. Utaratibu huu hatukuuanza sisi. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kuwapa nafasi kisheria. Kinachouvunja ulinzi wa mtaa mara nyingi ni pesa isiyo na risiti na walinzi wasiojulikana kwa mtendaji. Dai vyote viwili. Na mtu akikamatwa apelekwe kituoni akiwa mzima. Kuua mtuhumiwa ni kosa la mauaji, na wapo waliouawa kwa kuitiwa "mwizi" kimakosa.

Kamera, mbwa na waya wa umeme nitavipitia haraka. Kamera moja ya kuonyesha picha kwenye simu inasaidia kutambua mtu, haimzuii. Inataka umeme na kifurushi kila mwezi, na kile kisanduku cha kurekodia mwizi huondoka nacho akikiona. Inunue baada ya mlango. Mbwa ni mzuri akiwa na chakula na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Waya wa umeme ufungwe na fundi wa mifumo hiyo na mashine yake maalumu. Anayeunganisha umeme wa nyumbani moja kwa moja kwenye uzio anatega kifo cha mtoto wa jirani. Asiye na ukuta, apande minyaa: vipandikizi hupatikana bure, inavumilia ukame wetu, na baada ya misimu michache huwa uzio. Utomvu wake huunguza macho, wakati wa kupogoa watoto wakae mbali.

Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu inaliona kosa la kuvunja nyumba usiku kuwa zito zaidi: hadi miaka 20 jela, na mchana hadi 14. Lakini Nkuhungu ya saa nne asubuhi ni mtaa mtupu, wazazi kazini, watoto shuleni, na tangu Serikali ihamie Dodoma madalali na wapangaji wapya hupita kutwa wakikagua vyumba. Mgeni mwenye mkoba wa fundi hashtui mtu. Wakati huo taa haikusaidii, anayekusaidia ni mama muuza mboga anayekujua na anayethubutu kuuliza "unamtafuta nani?" Msalimie, mpe namba yako ya simu.

Leo jioni, kabla hujanunua kitu, bonyeza *#06# kwenye kila simu ya nyumbani, andika namba za IMEI pamoja na namba za televisheni na laptop, weka na risiti zake. Kisha kwenye karatasi nyingine andika namba ya mwenyekiti wa mtaa, ya polisi kata na 112, uibandike ukutani kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto wa darasa la pili atazisoma.